Koki Mbili

Ngome waliyoijenga kwenye mchezo wa kompyuta ilifunguliwa na gurudumu la maji, na maji yalilifikia gurudumu pale tu koki mbili zilipokuwa wazi pamoja: ya mume na ya mke.

"Karibu kazini, bibie," mume alisema. "Tangu uondoke mlango umenuna."

Mke alicheka. Utepe wa hospitali ulikuwa bado mkononi mwake. Kabla hajaigusa koki yake, mume, kwa mazoea, alifungua ya kwake. Gurudumu likazunguka, mlango ukapanda.

Ndipo mke alipoliona bomba jipya, lililopita kando ya koki yake.

"Hili uliliweka lini?"

Mume alijikuna shingo. "Mchezo tu huu, mke wangu."

"Lini?"

"Siku uliyolazwa."