Hasara ya Kukubalika

Bi Mwajabu alialikwa kwenye ukumbi wa taasisi ya utafiti kama mama wa shujaa, akakalishwa mstari wa mbele, karibu na jenerali. Mwanawe, Hatibu, alikuwa ameuawa kwenye daraja la mpakani.

Dakta Kilewo, ambaye ushauri wake ndio uliowapeleka vijana pale, alikuwa akieleza vita kwa kurunzi ndogo ya mwanga mwekundu. Aliizungusha nukta yake juu ya ramani ukutani, akaituliza darajani.

“Hapa hasara ilikuwa ya kukubalika,” alisema. “Tunashauri jeshi lijaribu tena.”

Jenerali akaitikia kwa kichwa.

Damu ilimchemka Bi Mwajabu. Akainuka, akapanda jukwaani, akasimama mbele ya ramani.

“Aliyeikubali nani?”

“Mama, tafadhali keti. Haya ni mambo ya kitaalamu.”

“Siketi! Mwanangu hakuwa hasara, alikuwa Hatibu. Litaje jina lake kwanza, ndipo umshauri huyu bwana apeleke wengine!”

Dakta aliielekeza tena kurunzi darajani. Bi Mwajabu hakusogea, na ile nukta nyekundu ikatua kifuani mwake, huku jenerali akiikodolea macho.