Mikono ya Malkia

Mwishoni mwa tamthilia ile kongwe, malkia hutolewa gerezani, akatandaza mikono. Kwa miaka ishirini Bi Mwanakheri alipoitandaza, ukumbi mzima ulisimama. Leo viti vilikuwa vitupu. Mbele yake ilikuwepo simu tu, imesimamishwa wima.

"Mama, mikono inatoka nje ya picha," alisema Tunu, mwongozaji. "Watu watatutazama mtandaoni, kwenye simu. Ibane."

Akaibana.

"Bado, mama."

"Kwani nimefunguliwa au nimefungwa?"

"Umefunguliwa. Lakini ndani ya picha."

Akaigandamiza mbavuni, akasema, "Niko huru!"

"Hapo sasa! Tumemaliza."

Bi Mwanakheri akavuliwa taji, akaaga. Mlango mpana wa ukumbi ulikuwa wazi kabisa. Akaupita kiubavu, viwiko vingali vimebana.