Mapigo Ishirini na Tano

Mkaguzi alipiga mkebe juu ya saruji kwa mara ya ishirini na tano, akainama kuutazama. Udongo wa nikeli aliouchota kwenye rundo na kuujaza humo ulikuwa umelegea, na juu yake maji yamejitokeza, yanang'aa.

"Mzigo huu haupandi melini," alisema.

Nyuma yake Meneja wa mgodi alicheka kicheko cha kujipendekeza. Kicheko hicho kilikuwa kinamkera Mkaguzi tangu asubuhi. Kilikuja na manukato mazito na mkono laini usioisha kumpapasa mtu bega.

"Fumba jicho moja tu, mzee wangu. Hayo si maji, ni jasho."

"Mawimbi yakilitikisa jasho hilo siku tatu, shehena yote inakuwa uji na meli inalala ubavu. Mdogo wangu yuko chini ya bahari kwa jasho la namna hiyo."

Gati zima lilijua habari hiyo. Ndiyo maana walimpa jina la Mkebe, na ndiyo maana kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemnunua. Waliojaribu waliondoka na bahasha zao na matusi juu.

Mvua ilikuwa imekatika siku tisa, na rundo limefunikwa turubai. Lakini udongo huu hushika maji kama godoro, na wazembe wa mgodini huwa hawafuniki mpaka rundo lilowe kwanza. Mkaguzi alisonya.

Meneja akatoa bahasha. Mchana kweupe, mbele ya makuli, mbele ya nahodha wa meli!

"Pokea, baba. Watoto wale."

"Watoto wangu hawali maiti!"

Makuli waliguna. Mkaguzi alijiuliza mtu anazaliwaje bila chembe ya haya usoni.

Nahodha, mtu mzima mwenye macho ya usingizi, alimsogelea taratibu. "Kaka, na mimi sitaki kufa. Ila mnunuzi wetu alifunga mkataba kabla nikeli haijapanda. Leo bei imekaribia maradufu. Ukikataa mzigo, mkataba unakufa hapa hapa bila kosa la mtu, na bei ile ya zamani mnunuzi haipati tena."

"Afadhali ufe mkataba kuliko nyinyi ishirini na wawili."

Nahodha aliangalia meli yake, akatikisa kichwa.

Hapo Meneja akapiga magoti. Akapiga magoti kweli, suruali yake ya pasi ndani ya tope jekundu, akaukumbatia mguu wa Mkaguzi huku analia kwa sauti. Mkaguzi alimtazama kwa kinyaa, kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. Huyu mzima na akili zake anaomba ruhusa ya kuzamisha watu! Alivuta mguu wake, akatema mate pembeni, akafungua jalada.

"Usiandike, mzee wangu! Nakusihi, usiandike!"

Aliandika. IMEKATALIWA, kwa herufi kubwa, akatia saini, akagonga muhuri mpaka meza ikayumba. Nakala moja akampa Nahodha, nyingine akaitupa chini mbele ya Meneja, ambaye aliiokota, akaipangusa kwa kiganja, akaenda zake kichwa chini.

Mkaguzi alivuta pumzi ndefu. Siku kama hizi alimkumbuka mdogo wake bila kifua kumbana. Bado alihisi kile kiganja laini mguuni na begani, na akaona hawezi kushika hata chai kabla ya kunawa. Akazunguka nyuma ya rundo kutafuta bomba.

Alimkuta kibarua mmoja wa kike, gauni limeloa mpaka kifuani, anakunja mpira mrefu wa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie maji kidogo ninawe."

"Ngoja nikufungulie, maana ndiyo kwanza nimeyafunga. Siku nne hizi nanyanyua turubai na kulimwagilia rundo, asubuhi na jioni, Meneja kanisimamia anasema lilowe mpaka chini. Sasa hivi kapita anapiga mluzi, kaniambia inatosha, mzee umeshakataa."