Baba Alipompita Bintiye

Baba alimpita kama anayepita mti.

Binti alikuwa amesimama kando ya njia, baiskeli ameilaza majanini, anampungia mkono huku akicheka. Alikuwa amemtangulia kwenye kona, akaona amsubiri. Njia yenyewe ni nyepesi, ile ya kuzunguka msitu wa hifadhi ambayo hata watoto huimaliza, na jua lilikuwa limepenya kila mahali.

Baba akapita kwa baiskeli yake karibu kabisa naye, akaita kule mbele kusiko na mtu: "Punguza mwendo, mwanangu! Unamwacha mzee wako!"

Kicheko kikamkauka binti mdomoni.

"Baba, niko huku."

Mzee akafunga breki, akageuka kuitafuta sauti. Macho yake yalimfikia bintiye, yakampita, yakarudi.

"Tangu lini, baba?"

"Ni giza la pembeni tu. Katikati naona vizuri." Akajaribu kutabasamu. "Usimwambie mama yako. Atakosa usingizi bure."

"Na basi la shule?"

Kidole gumba cha mzee kilikuwa kinasugua mpira wa usukani wa baiskeli, kinasugua tu, kama mtu anayefuta doa lisilotoka. Kesho asubuhi watoto wangepanda basi analoliendesha, wakimwamkia kwa kelele zao, wakigombea viti vya dirishani.

Binti akasogea, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wa basi, baba."

"Mwanangu, sina kazi nyingine ninayoijua."

"Najua."

Mkono aliounyoosha hakuurudisha.