Sura ya Doto

Kila ilipomtazama, mashine ya pale dirishani ilisema Bi Kulwa amekufa. Alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi akitafuta dawa zake za presha, maana siku hizi serikali haitoi dawa kwa kadi ya karatasi, inatoa kwa sura ya mtu.

“Bibi, hapa inaonyesha ulifariki Ramadhani iliyopita,” karani alisema.

“Huyo ni Doto, pacha wangu. Mimi ni Kulwa.”

“Basi nionyeshe alama ambayo yeye hakuwa nayo.”

Bi Kulwa alichoka hata kabla ya kujibu. “Alama ipi, mwanangu? Mama alituchanja chale za shavuni siku moja, kwa wembe mmoja, ili kifo kisijue kimchukue nani.”

“Marehemu, sogea basi, na sisi tunaumwa!” mwanamke mmoja alipaza sauti nyuma, na foleni nzima ikacheka. Bi Kulwa naye akacheka kidogo, hakuwa na nguvu za kugomba.

Karani akakuna kichwa. “Mashine haikubali sura moja kwa watu wawili. Nikimfuta yeye, dawa unapata leo hii.”

“Nigeuzie kwanza nimwone.”

Karani akamgeuzia kioo cha mashine. Doto alikuwa pale, katoa macho kama mtu aliyeitwa ghafla, kilemba kimekaa upande. Maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha nyingine.

“Nimfute, bibi?”

Bi Kulwa alinyoosha kidole polepole, akakipitisha juu ya kioo, kama anayemwekea kilemba sawa.