Jiko Jipya la Bi Mize

Wiki tatu Bi Mize alikaa kwa binti yake, huku mwanawe Kombo na mkewe Raya wakilibomoa jiko la nyumba yao kongwe. Walitoa ukuta wa kati ili jiko lifungukie sebuleni, wakatia dirisha pana na makabati meupe. Aliporudi, walimwongoza hadi mlangoni, wakamwachia.

"Haya mama, tuanze na chai yako," Raya alisema akicheka. "Humu huna pa kujificha ukizidisha sukari."

Bi Mize alinyoosha mkono kuushika ukuta ambao haukuwapo tena. Akapiga hatua mbili, akasimama, vidole vikipapasa hewa pale ilipokuwa rafu ya birika.

"Mmefanya kazi, wanangu," alisema. "Lakini mbona mmeliacha na giza lake?"

Kicheko cha Raya kilikatika. Makabati yalikuwa yanang'aa kwa jua hadi kuumiza macho.

Kombo aliitazama mikono ile. Kila asubuhi mama huyu aliwamiminia chai bila kumwaga tone, katika jiko lile la kiza walilolionea aibu.

"Tangu lini, mama?" Kombo aliuliza.

"Tangu Ramadhani iliyopita. Katika jiko lile la zamani nilikuwa naona kwa mikono. Nilihofia mtaniondoa jikoni."

Kombo aliuchukua mkono wa mama, akauweka juu ya marumaru baridi ya meza mpya ya jiko, na vidole vikaanza kutambaa polepole ukingoni. Upande wa pili wa meza, Raya alifumba macho, akaanza naye kupapasa.