Kabati la Baba

"Hivi huyu binti yenu ana ugomvi gani na kabati?" Bi Mize, jirani yao, aliwahi kuuliza.

Siku hizo baba yake Raiye alikuwa hai, akacheka. "Anarekodi. Studio zote zimemwambia achague, taarabu au rapu. Mimi nimempa kanzu zangu."

Ndivyo Raiye alivyofanya kazi miaka sita. Hujifungia kabatini na simu yake, kanzu za baba zikameza mwangwi, sauti ikatoka safi. Nyimbo zake zote zilizaliwa humo, na mji mzima ukaziimba.

Leo arobaini ya baba imetimia, na shangazi yake amekuja kuchukua nguo za marehemu zitolewe sadaka.

"Niachie mpaka kesho, shangazi. Nimebakiza wimbo mmoja, wake yeye."

"Maiti hangoji wimbo, mwanangu. Anangoja thawabu."

Raiye akamtazama mama yake, aliyekuwa edani, tasbihi mkononi. Mama akainamisha macho. "Mpe. Ni haki ya marehemu."

Kanzu zikatoka moja moja, zingali na harufu ya udi. Ilipotoka ya mwisho, Raiye akaingia, akavuta mlango, akaanza kurekodi. Taarabu ikatetemeka. Alipofika kwenye rapu, maneno yakamrudia usoni, kama mtu anayepiga kelele ndani ya tangi lisilo maji.

Akanyamaza, akafungua mlango. Simu aliiacha humo, alama nyekundu ingali inawaka, ikirekodi henga tupu za kanzu zinavyogongana. Akapita katikati ya mama na shangazi, akatoka nje.